Uzi: Wanaojitolea kwenye kamati na bodi za shule Arusha na Moshi, wanatoka wapi na wanafuata nini?

Mlezi wa Kata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila inapofika zamu ya kuunda upya kamati ya shule ya msingi au bodi ya sekondari, mkutano wa wazazi unaisha haraka mno. Jina linatajwa, watu wanapiga makofi, mtu amepita. Hakuna anayeuliza huyu ndugu anafanya kazi gani, ana mtoto pale shuleni au hana, na kwa nini anaitaka kazi isiyo na mshahara. Baada ya hapo tunalalamika hadi muda wake unaisha. Naomba tujadili kwa undani, na mwenye uzoefu na jambo fulani aliandike kwa vipimo na hatua, siyo kwa lawama.

Nianze na uzito wa kazi yenyewe, maana wengi bado wanadhani kamati ni ya kukaribisha wageni siku ya mahafali. Tangu MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ilipoanza mwaka 2002, kamati ya shule ya msingi ndiyo inayopitisha mpango wa shule na kusimamia fedha zinazoingia pale. Ulipokuja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na ada kufutwa, fedha za serikali zikawa zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinafika shuleni. Sekondari ni 25,000, nusu yake inafika shuleni, na juu yake kuna fidia ya ada ya 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Mjumbe asiyejua tarakimu hizi hawezi kumuuliza mwalimu mkuu swali lolote la maana.

Sasa watu wenyewe. Huku kwetu naona makundi kama sita hivi yanayojitokeza. Kuna mzazi mwenye mtoto darasani, huyu anafuata ufaulu na usalama wa mwanawe. Kuna mstaafu, hasa mwalimu, muuguzi au karani wa halmashauri, anayetafuta mahali ambapo maarifa yake bado yana kazi. Kuna aliyesoma pale zamani. Kuna kiongozi wa dini, na Kilimanjaro hili ni kubwa kwa sababu shule nyingi zilianza chini ya makanisa na hata zile ambazo serikali ilizichukua bado ziko jirani na parokia au usharika. Kuna mfanyabiashara au fundi ambaye jicho lake liko kwenye kazi za ujenzi na ugavi. Na kuna anayejiandaa kugombea. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024 na unarudi kila baada ya miaka 5, kwa hiyo ukiona mtu ambaye hajawahi kukanyaga kikao cha wazazi ameanza ghafla kuulizia nafasi ya mwenyekiti wa kamati wakati uchaguzi unanukia, hesabu mwenyewe.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: sioni kosa mtu kuwa na lake. Asiye na sababu yoyote ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kikao cha pili tu haonekani. Tunachokosea ni kutoijua sababu yake mapema, tukampa kazi isiyoendana nayo. Anayetaka udiwani mpe kazi ya kuhamasisha wazazi na kutafuta ardhi ya uwanja, atakimbia usiku na mchana. Usimpe kupokea saruji.

Karibuni.

Hesabu Safi

Mlezi umeanza vizuri. Niongezee upande wa fedha, kwa sababu hapo ndipo kamati nyingi za Arusha Jiji na Meru zinapoyumba hata zikiwa na watu wema.

Kila kamati inahitaji angalau mtu mmoja anayeweza kusoma taarifa ya benki. Hahitaji kuwa mhasibu mwenye cheti. Mama mwenye duka la jumla pale Soko la Kilombero, mweka hazina wa VICOBA, karani mstaafu wa chama cha ushirika, hawa wanatosha kabisa. Moshi mna bahati: chuo cha ushirika kimekuwepo tangu 1963, sasa ni chuo kikuu, na waliosomea uhasibu wa vyama vya ushirika wamejaa vijijini. Ni nadra kuwaona kwenye kamati za shule kwa sababu hakuna anayewafuata kuwaomba. Watu wa namna hii hawajipendekezi mkutanoni.

Kazi yake ya kwanza ni hesabu ndogo. Shule ya msingi yenye watoto 400 ikizidishwa kwa 6,000 ni milioni 2.4 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 600 ikizidishwa kwa 12,500 ni milioni 7.5, yaani 625,000 kwa mwezi, na fidia ya ada ni milioni 12 kwa mwaka, milioni 1 kwa mwezi. Andika tarakimu ya shule yako kwenye karatasi. Kila kikao omba taarifa ya benki, weka pembeni ya karatasi yako, angalia tofauti. Ikipungua, sababu ya kwanza ya kukagua ni idadi ya wanafunzi iliyopelekwa kwenye takwimu za shule: mara nyingi ni ya zamani kuliko watoto waliopo darasani. Mjumbe anayekimbilia kusema fedha zimeibwa kabla ya kukagua idadi anamvunjia mwalimu heshima bure na anaharibu kikao.

Kinachoharibika zaidi ni muhtasari. Kuna shule ambazo muhtasari unaandikwa kabla ya kikao, wajumbe wanaletewa daftari la mahudhurio wasaini, halafu malipo yanafanyika kwa "idhini ya kamati". Dawa yake ni rahisi: uamuzi wa fedha usomwe kwa sauti na kuandikwa pale pale, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha mwenyekiti na katibu wasaini kabla watu hawajanyanyuka. Katibu ni mwalimu mkuu kwa nafasi yake, kwa hiyo jicho la pili ni la mwenyekiti. Mwenyekiti asiyesoma vizuri, hata akiwa mzee anayeheshimika namna gani, atasaini asichokijua. Mzee huyo muweke mjumbe, hekima yake itasikika tu.

Na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Hilo ni takwa, siyo hisani ya mwalimu.

Mama Pasua

Mimi nina maswali mawili. Kwanza, posho. Watu wanasema mtu akijitolea asidai kitu, lakini mama anayeuza ndizi akikaa kikaoni kwa muda wa saa nne amepoteza mtaji wa siku. Pili, kwa nini wanawake tumejaa kwenye mikutano ya wazazi lakini kamatini wanabaki wawili, na wenyewe hawasemi?

Mwalimu wa Uru

Mama Pasua, maswali yako yananigusa kwa sababu nayaona kutoka upande wa ofisi ya shule.

Kuhusu posho: hakuna mshahara, na mtu asidanganywe kwamba upo. Shule nyingine hulipa nauli au hutoa chai, kutegemea bajeti iliyopitishwa. Kinachotakiwa ni kiwango kiandikwe kwenye mpango wa matumizi wa mwaka na kijulikane na wazazi. Hatari inakuja pale posho inapopangwa siku ya kikao kutoka kwenye fedha za ukarabati. Hapo vikao vya dharura huzaliana, na wajumbe wanaanza kumpenda mwalimu mkuu anayeita vikao vingi. Kama bajeti ni ndogo, punguza muda wa kikao badala ya kuongeza fedha. Ajenda tatu, saa moja na nusu, taarifa ya benki imetumwa kwa wajumbe siku mbili kabla. Mama wa ndizi atakuja.

Kuhusu wanawake kukaa kimya, chanzo kikubwa ni saa na mpangilio. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya gulio kinawaondoa. Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi, halafu watu wanaita kikao Jumatano. Kingine ni desturi ya kuanza na wazee: wakishasema watatu, hakuna anayebisha. Mwenyekiti mzuri huanza na mjumbe mpya au mama aliyekaa pembeni, anamuuliza jambo mahususi, mfano "choo cha wasichana kina maji?", badala ya "kuna mwenye la kuongeza?". Na mpeni mama kazi yenye mamlaka. Kumfanya mweka hazina wa chakula ni tofauti kabisa na kumfanya mpishi wa wageni.

Sasa niseme jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Wapo wakuu wa shule wanaochagua wajumbe kwa utulivu wao. Jina linapelekwa kwenye kata, linapita, barua ya uteuzi inatoka, na bodi nzima ni watu wanaosema ndiyo. Mkuu anaona amepata amani. Halafu siku anapopata tatizo la kweli, mfano mgogoro wa mpaka wa eneo la shule au mtumishi wa halmashauri anayembana atumie fedha nje ya mpango, anatafuta mtu wa kusimama naye hakuna. Bodi yenye watu wenye misimamo humchosha mkuu wa shule robo ya kwanza, baadaye inamlinda.

Wastaafu ni hazina lakini wana kasoro yao: mwalimu mstaafu anapenda kuingia darasani na kuwasahihisha walimu vijana. Mipaka iwekwe wazi tangu siku ya kwanza. Kamati inasimamia mazingira, mpango, fedha na nidhamu ya jumla. Ufundishaji una mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na wathibiti ubora wa shule. Mstaafu mpe kupitia taarifa ya wathibiti ubora na kufuatilia mapendekezo yake moja baada ya jingine, huyo anajua kuisoma kuliko mtu yeyote kamatini.

Na hawa waliosoma pale zamani: wengi wako Dar es Salaam au Dodoma, wanarudi mgombani Desemba. Kuwafanya wajumbe kamili ni kuua akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Waundieni umoja wao, mkutano mmoja kati ya tarehe 26 na 30 Desemba, na mezani wakute jambo moja lenye makadirio kamili ya gharama. Mtu aliyekuja nyumbani kwa siku 6 hachangii "maendeleo ya shule". Anachangia madawati 40 yenye bei.

Fundi Ngaramtoni

Naingia kwenye ujenzi, maana huko ndiko fedha kubwa ziko na huko ndiko tamaa inapoonekana.

Tangu serikali ianze kujenga kwa fosi akaunti (shule inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe, bila mkandarasi), fedha zinaingia shuleni na jamii inasimamia. Mwaka 2021 zile fedha za UVIKO zilijenga vyumba vya madarasa kwa milioni 20 kila kimoja, nchi nzima. Utaratibu unataka kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kosa linaloua miradi ni mtu mmoja kukaa kwenye mbili. Aliyenunua ndiye anayepokea, basi mifuko 100 inaandikwa na 85 inashushwa. Majina yasirudiane hata kama mnakosa watu. Ombeni mtaa au kijiji watoe wengine.

Kwenye mapokezi muwe na mtu mmoja aliyewahi kushika mwiko. Vitu vya kukagua havihitaji maabara. Bati: soma muhuri wa geji kwenye bati lenyewe. Ikiandikwa geji 28 kwenye BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi) na likaja la 30, hilo ni jembamba zaidi, rudisha gari. Tofali: mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali za inchi 6 zipatazo 30 ni kazi nzuri. Fundi akikwambia amepata 50, saruji imekwenda kwingine. Chukua tofali lililomwagiwa maji siku 7, liachie kutoka usawa wa kiuno, likisambaratika usiruhusu kupanda ukutani. Mbao za paa ziwe na dawa, na uone dawa imeingia ndani kwa kukata kipande kidogo mwishoni, siyo rangi ya juu. Ukanda wa Kikatiti na Usa mchwa hana huruma. Nondo zihesabiwe na kupimwa unene kwa rula, milimita 12 na milimita 10 zikiwa zimefungwa pamoja mtu asiyezoea haoni tofauti.

Mchanga nao. Huku Arusha watu wanaleta mchanga wenye udongo mwingi kwa sababu uko karibu. Chota weka kwenye chupa ya maji, tikisa, acha saa moja. Tabaka la matope juu likiwa nene, plasta itapasuka.

Nakubaliana na Mlezi kuhusu mafundi na wafanyabiashara kwa nusu tu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi asiwe mjumbe wa kamati ya shule inayojenga. Nukta.

Hesabu Safi

Fundi, hapo kwenye "nukta" tunatofautiana. Kwenye kata ndogo ya Moshi Vijijini mwenye duka la vifaa ndiye anayejua bei halisi ya saruji wiki hii. Ukimfukuza, kamati inanunua kwa bei ya kudanganywa. Nadhani aingie, lakini siku ya kwanza atamke kwa maandishi biashara zake na za mke wake, ndugu zake na wakwe, hilo liingie kwenye muhtasari. Ikifika ajenda ya manunuzi anatoka nje ya chumba, siyo kukaa kimya ndani. Duka lake lisiuze kitu kwa shule hiyo katika kipindi chote cha ujumbe wake.

Fundi Ngaramtoni

Akikubali sharti la mwisho, sina ubishi. Wengi wakilisikia wanajitoa wenyewe, na hapo umeshapata jibu lako bila kugombana na mtu.

Njia ya Machame

Ndugu zangu, mmesahau kundi ambalo Arusha na Moshi ni la pekee: waongoza watalii, wapagazi na wapishi wa mlimani. Wanaingia kamatini kwa sababu wanajua lugha za wageni na wanaweza kuleta wafadhili, na wengi wana uchungu wa kweli na shule ya kijiji chao. Tatizo ni kalenda. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, kisha katikati ya Desemba hadi mwanzo wa Machi. Safari moja ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni siku 5 au 6, kwa njia ya Lemosho 7 au 8, na huko juu mtandao ni wa kubahatisha. Ukiwa na wajumbe watatu wa mlimani na mwingine mgonjwa, kikao cha Agosti hakitimii.

Suluhisho: tarehe za vikao vinne vya mwaka zipangwe Januari. Aprili, Mei na Novemba mlima umetulia, kwa hiyo mambo mazito kama kupitisha mpango wa mwaka yawekwe Novemba. Lakini angalieni na wakulima: Aprili ni masika na watu wako shambani, kahawa nayo inachumwa kuanzia Julai hadi kuelekea Desemba. Jumapili baada ya ibada ya pili ndiyo saa ambayo huku Kibosho na Machame karibu wote wanapatikana.

La pili ni fedha za wageni. Mgeni ameshuka mlimani, moyo umelainika, anataka kusaidia shule. Anamtumia kiongozi wake fedha kwenye simu. Hata kiongozi akiwa mwaminifu kabisa, ameshajiweka pabaya, kwa sababu hakuna risiti ya shule, na mgeni mwakani akija na mwenzake kuuliza hakuna karatasi. Hatua ziwe hivi: mgeni anaandika barua au ujumbe kwa mkuu wa shule akitaja kiasi na kazi, kamati inakaa na kukubali, halmashauri inajulishwa kupitia Afisa Elimu Kata, fedha inaingia akaunti ya shule, risiti inatolewa, na kama ni vifaa vinaingia kwenye leja siku ile ile vikipokelewa na kamati ya mapokezi. Kisha picha na hesabu zinarudi kwa mgeni ndani ya mwezi. Anayefuata utaratibu huo hupata mgeni wa pili na wa tatu.

Na kamati iwe na ujasiri wa kukataa. Shule inahitaji matundu ya vyoo, mgeni anataka kuchora ukuta na kuleta mipira. Mshukuru, mwoneshe mpango wa shule, mwambie kipaumbele namba moja ni kipi. Ndiyo maana mpango ulioandikwa uwepo.

Wakili wa Majengo

Mada nzuri, ila naona tumekaa sana kwenye fedha. Bodi na kamati zinagusa maisha ya mtoto moja kwa moja, na huko asili ya mjumbe ina uzito kuliko cheti chake.

Nidhamu kwanza. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana apewe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mjumbe yeyote aombe kukiona hicho kitabu. Kikiwa kitupu muhula mzima na fimbo zinasikika hadi barabarani, ajenda imepatikana. Linapokuja suala la kumsimamisha au kumfukuza mwanafunzi wa sekondari, bodi isikae na taarifa ya walimu peke yake. Mwanafunzi asikilizwe, mzazi aitwe kwa barua yenye tarehe, maelezo yote yaandikwe. Maamuzi mengi yanayorudishwa kwenye rufaa yanarudi kwa sababu mtoto hakusikilizwa, hata kama kosa lilikuwa la kweli. Mjumbe mwanajeshi mstaafu au polisi mstaafu anapenda ukali na haraka. Mketisheni na mchungaji, katekista au afisa ustawi wa jamii, wakivutana kidogo mtoto atatendewa haki.

La pili ni mimba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa sababu adhabu ni kubwa, familia zinakimbilia kumalizana kwa mbuzi na fedha, na mara nyingi ndugu wa mtuhumiwa ni mjumbe wa kamati au ana mtu wake mle. Hapa ndipo sababu ya mtu kujitolea inapojaribiwa. Mjumbe mwenye undugu ajitoe kwenye shauri, taarifa iende dawati la jinsia la polisi na kwa afisa ustawi, siyo kwenye meza ya wazee. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Nimeona wajumbe wanaosema hadharani kwamba hilo haliwahusu. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa kwenye bodi, hata awe amechangia saruji ya jengo zima.

Mama Pasua

Asante wakili, hilo la mwisho lisemwe kwenye kila mkutano wa wazazi.

Mimi nirudi kwenye chakula, kwa sababu hapo wazazi wa kawaida, wasio na shahada, ndio wataalamu. Makande ya mchana yanahitaji kama gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mtoto. Watoto 400 ni kilo 40 za mahindi na kilo 16 za maharage kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, kwa hiyo mtoto mmoja anakula kilo 19 na nusu hivi za mahindi, yaani kama debe moja, na karibu kilo 8 za maharage. Ukimwambia mzazi "debe moja na kilo 8 kwa mwaka" anaelewa na anatoa baada ya mavuno. Ukimwambia "mchango wa chakula shilingi kadhaa kila mwezi" anaona kodi.

Mahindi yapokelewe makavu. Ng'ata punje, ikivunjika kwa mlio ni kavu. Ikibonyea, rudisha ianikwe, vinginevyo sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, itawaingia watoto. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Mfuko usiopitisha hewa unazuia dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, bila dawa yoyote. Mizani iwepo jikoni, siyo kisado cha kukadiria, na mzazi mmoja wa zamu ashuhudie upimaji asubuhi. Akina mama wanaouza vyakula stendi wanajua haya kuliko sisi sote, nao hawaombwi kuingia kamatini.

Michango yote iwe ya makubaliano ya mkutano wa wazazi, iandikwe, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Mwalimu asishike fedha hizo. Hili linalinda walimu wenyewe.

Mlezi wa Kata

Mmenipa zaidi ya nilichotegemea. Kwa wale walioniuliza inboksi namna ya kumhoji anayependekezwa bila kumdhalilisha, maswali haya yanatosha, na yaulizwe mbele ya wazazi kwa wote sawa: Una mtoto au mjukuu hapa, na atamaliza mwaka gani? Unauza au unajenga chochote ambacho shule hununua? Unatarajia kugombea nafasi yoyote katika kipindi hiki? Siku gani za wiki na miezi gani huwezi kuja? Ni kazi gani moja ungependa ukabidhiwe?

Swali la kwanza lina maana kubwa. Mzazi wa mtoto wa darasa la sita atabakiza mwaka mmoja na ushee, kisha moyo unahamia sekondari. Changanyeni wazazi wa darasa la kwanza hadi la tatu kwa wingi, hao wana sababu ya kukaa.

Mkazi wa Njiro

Na ikitokea mjumbe hahudhurii tena, mnamtoaje? Kwetu mtu yuko kwenye orodha, mwaka mzima hajaonekana, na kila kikao tunakosa akidi.

Mwalimu wa Uru

Mkazi wa Njiro, anza na daftari la mahudhurio. Akikosa vikao viwili mfululizo bila taarifa, mwenyekiti amwandikie barua yenye nakala kwa Afisa Elimu Kata. Wengine huwa wamehama au wanauguza na wanaona aibu kusema, barua inawapa nafasi ya kujiuzulu kwa heshima. Akikosa cha tatu, kamati ipitishe ombi la kujaza nafasi na muhtasari wake upelekwe kwa mamlaka iliyomteua, pamoja na nakala za barua. Bila muhtasari hakuna ofisi itakayoshughulika na malalamiko ya mdomo.

Anayeingia katikati apewe bahasha yenye muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho, mpango wa shule, taarifa ya benki ya karibuni, orodha ya madeni na leja ya vifaa ya kuangalia. Mwenyekiti amtembeze shuleni: madarasa, stoo, jiko, vyoo, mipaka ya eneo na nguzo zake. Mipaka hasa. Eneo la shule nyingi za huku Kilimanjaro limezungukwa na vihamba (mashamba ya familia ya migomba na kahawa), migomba inasogea mstari mmoja kila mwaka, na mjumbe ambaye hajawahi kuonyeshwa nguzo hatajua kama limepungua.

Mkazi wa Njiro

Nimeelewa mwalimu. Barua ya kwanza naiandika Jumatatu.